Si Mwongo, ni Mdeni

Ukikaa saa mbili kwenye benchi la mbao, joto limekubana na goti la aliye nyuma linakusukuma mgongo, hutauliza kwa nini mabanda ya video Tanzania yanaitwa vibanda umiza. Watu huyajaza kwa sababu ya sauti: filamu ya Kichina au ya Kihindi inaonyeshwa, na juu yake mtu anaisimulia kwa Kiswahili. Lufufu alivuma kwa kazi hiyo. Uganda wasimulizi wa namna hii huitwa VJ.

Wenzangu chuoni huwaita waongo, kwa kuwa huongeza utani na kuwapa majambazi wa Hong Kong majina ya mtaani kwetu. Sikubali. Uongo unamhitaji msikilizaji asiyejua kwamba anadanganywa. Kibandani kila mtu anajua, na nusu ya raha ni kusubiri msimulizi atapenyeza nini. Asiyejua lugha ya filamu bado anaona kwa macho yake nani kapigwa risasi.

Ila yuko mtu ambaye hayupo kwenye benchi: aliyetengeneza filamu. Kanda nyingi zilinakiliwa bila ruhusa, na kiingilio cha mlangoni hakikumfikia. Kicheko chetu hakimlipi. Wanaosema angalau kazi yake imetangazwa wanamsemea mtu ambaye hawakumuuliza.

Nendeni mkasikilize, ni sanaa kamili. Msimulizi si mwongo. Ni mdeni, na sisi tuliolipa mlangoni tunadaiwa pamoja naye.