Kizazi Hakilelewi kwa Amri

Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo waziri mkuu wa Uturuki, alitamka hadharani kwamba anataka kulea kizazi cha wacha Mungu. Wako waliomshangilia na wako walioingiwa na hofu. Mimi kama mzazi nilijiuliza: tangu lini serikali ikawa mlezi?

Hakuwa wa kwanza. Machi 1924, siku ileile ukhalifa ulipofutwa, jamhuri mpya ya Uturuki chini ya Atatürk iliziweka shule zote chini ya wizara moja, na madrasa zikafungwa. Mwaka 1928 herufi za Kiarabu zikaachwa, na babu aliyesomea herufi hizo hakuweza tena kumfundisha mjukuu wake kitabu cha shule. Kuanzia 1933 watoto wa shule za msingi walianza siku kwa kiapo cha kujitangaza kuwa Waturuki, hata watoto wa Kikurdi waliobembelezwa na mama zao kwa lugha nyingine. Kiapo hicho kiliondolewa mwaka 2013. Kwa upande wa dini, katiba ya 1982 ililifanya somo lake kuwa la lazima; mzazi mmoja wa madhehebu ya Alevi, yasiyo ya Kisunni, akapeleka malalamiko yake Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo mwaka 2007 ilikubaliana naye.

Kila kambi iliyoshika madaraka ilimwona mtoto kuwa njia ya mkato ya kuligeuza taifa. Wazazi nao, naamini, waliridhika kila shule ilipoyasema wanayoyapenda wao.

Mei 1999 Merve Kavakçı, aliyekuwa amechaguliwa kuwa mbunge, aliingia bungeni Ankara kula kiapo akiwa amevaa hijabu. Wabunge, watu wazima wenye watoto na wajukuu, wakampigia kelele atoke nje. Televisheni ikazionyesha picha hizo sebuleni mwa watu. Somo gani la uraia lingeweza kuyafuta yale ambayo watoto waliyaona kwa macho yao?

Sisi wazazi tunaposhindana kuhusu dini na taifa, watoto wanasikiliza. Imani yetu wanaipima kwa jinsi tunavyomtaja jirani asiyeabudu kama sisi. Kwa hiyo tuwepo nyumbani taarifa ya habari inaposomwa. Mwanasiasa akituudhi, tuwaeleze watoto kosa lake bila kuitukana dini yake wala kabila lake. Na mtoto akimdhihaki mwenzake kwa imani yake, tumkanye siku hiyohiyo, hata kama maneno hayo ameyaokota kwetu.