Rafiki Yangu Anapigwa na Mkewe: Nimsaidieje?



Msomaji wetu mmoja wa Kawangware, mume na baba wa watoto wawili, ametuletea swali ambalo wengi hulimeza. Rafiki yake anakaa Kibera, upande wa Laini Saba, nao hukutana kila asubuhi kwenye kazi ya mjengo. Mara tatu rafiki huyo amefika kazini na majeraha. Mara ya kwanza alisema ameangukiwa na mbao. Mara ya tatu, shingo ikiwa imeungua, alikiri kwamba ni mama watoto, kwa maji ya moto. Wenzake waliosikia walicheka. Msomaji wetu anauliza: "Nimwambie arudishe? Nimwambie aondoke? Au haya ni ya chumbani kwao, hayanihusu?"

Yanakuhusu, ndugu. Mkumbuke mtu yule aliyeshuka njia ya Yeriko akapigwa na wanyang'anyi, wakamwacha nusu mfu. Msamaria hakumwuliza kwa nini alishindwa kujitetea, wala hakumwambia kwamba mwanamume halii. Alimkaribia, akamfunga majeraha, akamlipia mahali pa kulala, na akaahidi kurudi. Hao wawili waliopita kando hawakumpiga mtu yule, lakini waliona na wakapita.

Sasa hapa kwetu, katika chumba kimoja cha mabati, jirani husikia kila kitu. Basi si kwamba watu hawajui. Wanajua, na wanacheka. Mwaka 2012, habari za waume wa Nyeri waliopigwa na wake zao zilipotoka magazetini, zilifanywa utani nchi nzima, na utani huo haujaisha. Kicheko hicho ndicho kinachomfunga mtu mdomo. Afadhali kusema ameangukiwa na mbao!

Msinielewe vibaya. Wake ndio wanaoumizwa zaidi katika nyumba zetu, na ukurasa huu hautaacha kulisema hilo. Lakini uchunguzi wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100, na wanaume 27 katika kila 100, wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Si wote waliopigwa na wenzi wao, ni kweli. Hata hivyo, anayemwambia mwanamume kwamba jambo kama hilo haliwezekani anamdanganya.

Kuhusu kurudisha: hapana. Ngumi moja ya hasira kwa mkewe, naye atakuwa na dhambi mpya na kesi mpya, na watoto watakuwa na wazazi wawili wanaopigana. Wanaomshawishi arudishe watakuwa nyumbani kwao wakati yeye yuko seli.

Je, aondoke? Hapa Wakristo wengi huogopa, wakidhani Kanisa linamtaka mtu avumilie hadi kaburini. Sivyo. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba mwenzi anayehatarisha vibaya roho au mwili wa mwenzake, au wa watoto, anampa mwenzake haki ya kutengana naye kwa kibali cha Askofu. Na pale ambapo kuchelewa ni hatari, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Kanuni haikusema mke tu. Papa Fransisko naye, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alifundisha kwamba kutengana huweza wakati mwingine hata kuwa lazima. Ndoa haijavunjika kwa hilo, na hatari ikiisha, mlango wa kupatana uko wazi.

Kwa hiyo, ndugu wa Kawangware, kwanza mwamini. Mwambie waziwazi: "Nakuamini, na si aibu yako." Usikimbilie kumpeleka mbele ya jumuiya nzima wakae kikao, mwenye kupigwa hawezi kusema kweli akiwa ameketi karibu na anayempiga. Nenda naye kwa paroko peke yake, kama atakubali. Jeraha la moto lionwe hospitalini. Polisi wana dawati la jinsia na hutoa fomu ya P3 ambayo daktari huijaza. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani inamhusu mume kama inavyomhusu mke, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda. Iko pia namba 1195, isiyolipiwa. Akikataa yote hayo leo, usimkasirikie. Mwulize tena wiki ijayo, mkiwa njiani wawili tu.

Mkeo naye ana kazi. Kama anamfahamu mama yule, anaweza kumsikiliza, maana huenda naye ana mzigo usiojulikana. Lakini asitamke lolote mumewe alilokuambia, isipokuwa mume mwenyewe ameruhusu; siri ikivuja, atakayelipa usiku huo ni yeye.

Na mkubaliane ninyi wawili mapema, kabla hajabisha hodi saa nane za usiku: atalala wapi katika chumba chenu, na akija na watoto, wao watalala wapi.