Bibi aliyejua ulipojificha

Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya setilaiti zake za GPS, na ghafla mtu wa kawaida akaweza kujua alipo, akikosea kwa mita chache tu. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo kwenye vichaka vya Oregon, ndani yake daftari, vikorokoro na kopo la maharage, akatangaza vipimo vya mahali hapo kwenye intaneti. Atakayeiona achukue kitu, aache kitu, aandike jina. Ndivyo jiokashingi ilivyoanza. Leo vikasha vimefichwa dunia nzima, vingi kwenye bustani za kale za mijini, maana anayeficha anataka upite kwenye mti au sanamu ambayo usingeitazama.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam kanogewa na mchezo huu, na anataka kuficha kikasha Bustani ya Mimea, ile ya Samora, karibu na Makumbusho ya Taifa. Mahali kapachagua vizuri, sina ubishi. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kujaribia mimea ya biashara. Kuna mikrismasi pale, mti ambao wengi tunaudhani wa kwetu kumbe asili yake Madagaska. Kama kikasha kitamsimamisha mtu mmoja dakika tano chini yake, si haba.

Kinachonikwaza ni neno moja. Wachezaji wana jina la sisi tusiocheza: muggle, walilolikopa kwenye riwaya za Harry Potter, yaani mtu asiye na uchawi, asiyejua kinachoendelea. Adabu ya mchezo ni kwamba muggle asikuone ukichokoachokoa. Sasa pale bustanini muggle ni nani? Ni mama anayefagia majani tangu alfajiri. Ni kijana aliyejilaza kivulini akisubiri kibarua. Wao wanaijua bustani kuliko mimi na rafiki yangu, halafu ndio tunaowaficha!

Chanzuru nilikokulia, jirani na Kilosa mjini, tulicheza kombolela jioni. Unajibanza nyuma ya ghala la mahindi, na bibi anayepepeta mchele uani anakuona kabisa. Hachezi, ila anajua. Mtafutaji akimuuliza, "Bibi, wamepita wapi?" anajibu, "Mimi nimeona kuku tu." (Mara mojamoja alituuza, kwa mzaha.) Siri ilinoga kwa sababu na yeye aliishika.

Rafiki yangu anasema mchezo una kanuni: kuchimba marufuku, na ruhusa ya mwenye eneo lazima iombwe. Kanuni nzuri, hasa kwetu, ambako ukionekana ukipekua kwenye jengo la Mjerumani watu wanajua unasaka rupia. Lakini barua ya ofisi inamlinda aliyeiomba. Julai 2011 huko Wetherby, Uingereza, kikasha kimoja kilidhaniwa bomu, na wataalamu wa jeshi wakakilipua. Hasara ikawa kikasha. Dar es Salaam bomu la kweli ililipata, 7 Agosti 1998 pale ubalozi wa Marekani, na watu 11 wakafa. Na kwetu mtu akishukiwa hasubiriwi ajieleze, inatosha sauti moja kupiga kelele ya "mwizi!" Mchezaji mwenye simu ya bei na Kiingereza chake atajitetea. Yule kijana wa kivulini, akikiokota kikasha kwa bahati na kukifungua, atamweleza nani?

Sisemi kuficha ni dhambi. Bustani ni ya wote, lakini hilo halina maana kila mtu apewe taarifa ya kila kitu. Ninachokataa ni siri ambayo raha yake naipata mimi, na hatari yake inamkuta mtu asiyejua hata kama ipo.

Kwa hiyo nimemwambia rafiki yangu mambo mawili: amwonyeshe mama wa ufagio kikasha kabla ya kukificha, na kwenye kifuniko abandike maelezo ya Kiswahili kwa herufi kubwa. La pili kakubali palepale. La kwanza bado tunabishana. Anasema mama akijua, kikasha hakijafichwa tena. Jumamosi tunakwenda wote wawili, na kikasha kiko kwenye begi lake.