Mlango Mwembamba na Utu wa Mtu

Katika mambo yapimayo utu wa watu, sisi twauona mlango mwembamba kuwa kipimo kisichodanganya. Mtu akiwa peke yake hupita mlangoni kwa adabu. Wakiwa elfu, adabu hiyo hupotea, wala hakuna aliyekusudia kuitupa.

Mwaka 2000 wataalamu Dirk Helbing, Illés Farkas na Tamás Vicsek walichapisha uchunguzi wa jambo hili. Walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba watu wanaosukumana kuukimbilia mlango mmoja huchelewa kutoka kuliko wanaokwenda kwa utulivu. Miili hubanana bega kwa bega ikafanya tao mbele ya mlango, mithili ya mawe ya tao katika majumba yetu ya kale ya pwani, ambamo kila jiwe hulizuia jenziwe lisianguke. Katika jengo, tao ni sifa ya fundi. Katika umati, ni kizuizi. Haraka haraka haina baraka, walinena wahenga, na hesabu zimewashuhudia.

Ingekuwa heri kama hasara ingeishia katika kuchelewa. Mwaka 1990, katika njia ya chini kwa chini huko Mina, karibu na Makka, mahujaji 1,426 walikufa katika msongamano. Machi 2021, watu 45 walipoteza maisha umati ulipofurika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kumuaga Rais John Magufuli. Wale walikwenda kwa ibada, hawa kwa huzuni. Hakuna aliyetoka kwake kwa nia ya kuua.

Basi lawama ni ya nani? Wako wasemao kwamba kosa likigawanywa kwa maelfu, fungu la kila mmoja si kitu. Sisi hatukubali. Aliye mbele amekwisha kupoteza hiari yake. Aliye nyuma bado anaweza kusimama, na kwa hiyo wajibu wake ni mkubwa zaidi, ijapokuwa hamwoni anayebanwa. Wala hilo halimwondolei lawama mwenye ufunguo: anayewaita maelfu akawafungulia mlango mmoja amewapa mtihani ambao wema wao peke yake hautoshi kuushinda.

Ustaarabu wa taifa, ndugu msomaji, hutazamwa kivukoni na kituoni, pale mtu anapompisha asiyemjua.