Usiizike Laptopu Iliyo Hai

Hiyo ThinkPad T430 iliyolala juu ya kabati, ishushe. Ipanguse vumbi, ichomeke kwenye umeme, kaa nayo kitako Jumamosi hii. Umeambiwa imezeeka, nawe ukaamini. Mwaka 2012 ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa ofisi, wanaoipiga kibodi kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Bado ina nguvu. Kinachoilemea ni mizigo ambayo hakuna aliyewahi kuitua.

Basi tuitue. Kama bado inatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kila unapoiwasha mashine. Bakiza ya kuzuia virusi na zile unazozitumia kweli. Nyingine zote zima! Hapo hujatoa hata shilingi.

Sasa ingia kwenye kazi yenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na prosesa ya T430 haimo kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Wengi walisikia hivyo wakaanza kuchimba kaburi. Wewe pakua Linux Mint, mfumo endeshi wa kuchukua nafasi ya Windows, toleo la Xfce, ambalo ni jepesi na halilipiwi. Iandike kwenye flashi ya GB 8 (hakikisha haina kitu chako, maana itafutwa), washa laptopu huku ukigonga F12, chagua flashi. Mfumo mzima utafunguka bila kugusa diski yako. Jaribu Wi-Fi, jaribu sauti, fungua kivinjari. Hujapoteza chochote bado, kwa hiyo woga wa nini? Ukiridhika, nakili kwanza mafaili yako yote mahali salama, ndipo usakinishe. LibreOffice utaikuta humo humo, na barua zako za Word na mahesabu yako ya Excel itayafungua.

Ukifika hapo usisimame, kwa sababu utamu wa laptopu za kazi uko kwenye vitu vidogo ambavyo waliozitengeneza walivifikiria. Sakinisha TLP, programu ya kusimamia umeme wa laptopu, uiagize betri iache kuchaji ikifika asilimia 80; betri ya lithiamu inayokaa imejaa kwenye umeme siku nzima huchakaa mapema. Je, kidole chako kinakosea kila mara kwa sababu Fn imekaa pembeni, pale ulipozoea Ctrl? Gonga F1 wakati inawaka, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), uvibadilishe nafasi vitufe hivyo. Ni mpangilio wa dakika moja, na kuanzia siku hiyo kibodi inakufuata wewe. Halafu izime, toa betri, safisha matundu ya feni kwa brashi laini. Vumbi huzuia hewa, joto hupanda, na prosesa hupunguza mwendo ili isiungue.

Kijana unayeandika ripoti ya chuo, mama unayetunza hesabu za duka, usikope pesa ya laptopu mpya kabla hujaipa hii Jumamosi moja. Na yako ikishaamka, mwendee jirani mwenye Latitude au EliteBook iliyotelekezwa kabatini. Beba flashi yako.