Filamu ya Freddie Mercury: Maiti hajitetei

Mwaka 2019 mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza swali darasani, na jibu nililompa linanisumbua mpaka leo. Vijana walikuwa wakirushiana kwenye simu filamu ya Bohemian Rhapsody, inayosimulia maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza. "Ustadh," akaniuliza, "huyu bwana si kazaliwa Unguja? Mbona hatumsomi?"

Nikamjibu papo hapo: "Tunamsoma kwa mazingatio. Alipewa sauti, mali na umaarufu, akavitumia katika maasi. Mwenyezi Mungu akamtia maradhi, akapanda jukwaani London akijua kuwa anakufa." Darasa zima likanyamaza. Nikatoka nikiamini nimesomesha.

Kumbe nimesema uongo. Filamu yenyewe sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimesimuliwa tu. Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kuwa inamtosha mtu kuwa muongo akisimulia kila analolisikia, na hadithi hiyo naisomesha kila mwaka.

Baadaye niliiangalia. Wapo watakaoniuliza ilikuwaje mwalimu wa dini akaangalia filamu ya muziki. Mjadala wa muziki una mahali pake na dalili zake, nami siufungui hapa. Niliangalia kwa sababu nilikwishatoa hukumu, na hakimu aliyehukumu bila kuona ushahidi ana deni.

Kwa ufundi, filamu ile si haba. Ilitoka mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo 4 za Oscar, mojawapo ya mwigizaji wake mkuu, Rami Malek. Lakini inajitambulisha kama habari ya mtu aliyeishi kweli, kwa jina lake. Kwa hiyo ni ushahidi, na ushahidi una masharti.

Tuangalie mambo mawili. Filamu inaonyesha kuwa Mercury aliwaambia wenzake habari ya maradhi yake kabla ya tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985 katika uwanja wa Wembley, lililokuwa la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Waandishi wengi wa maisha yake wanasema aligundulika kuwa na virusi vya Ukimwi yapata mwaka 1987, yaani baada ya tamasha lile. Mwenyewe alitangaza tarehe 23 Novemba 1991, akafariki siku ya pili yake.

Jambo la pili, filamu inaonyesha kuwa kundi lilivunjika kwa sababu yeye aliwasaliti wenzake akaenda kurekodi peke yake. Ukweli ni kuwa mwaka 1984 Queen walitoa albamu na kuzunguka nayo, na Januari 1985 walipiga Rio de Janeiro. Na huyo mpiga ngoma wa kundi, Roger Taylor, alikwishatoa albamu zake binafsi mwaka 1981 na 1984.

Kwa nini mambo yakapangwa upya? Kwa sababu hadithi tamu inataka mkosaji, adhabu, toba na mwisho wa machozi. Maisha ya mtu hayakukaa hivyo, basi yakakunjwa mpaka yakakaa. Na walioshiriki kuitayarisha ni pamoja na wenzake wawili wa kundi walio hai, Brian May na huyo Taylor. Sisemi kuwa walikusudia ubaya. Ila sisi tumefundishwa kuwa hakimu asitoe hukumu mpaka amsikilize na mtu wa pili. Hapa mtu wa pili ni maiti, na maiti hajitetei.

Wapo watakaosema: Ustadh, unamtetea kafiri fasiki? Hapana. Wazazi wake walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroaster, ambao vitabu vyetu vya fiqhi vinawaita Majusi. Halali na haramu ziko pale pale. Mwaka 2006, Jumuiya ya Uamsho ilipopinga sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, ilikuwa na haki ya kusema kuwa Zanzibar isimfanye kigezo. Lakini kukataa kumsherehekea mtu ni jambo moja, na kumsingizia ni jambo jingine. Qur'an inatuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Na maradhi nayo si hati ya mashtaka. Nabii Ayyub (a.s.) aliugua. Wangapi mitaani mwetu waliambukizwa ndani ya ndoa zao za halali, na watoto wangapi walizaliwa nayo?

Mimi ndiye wa mwisho mwenye haki ya kuwalaumu watengeneza filamu. Miaka michache kabla ya hapo, katika darsa la Ramadhani, nilisimulia habari za kijana wa mtaani kwetu aliyefariki kwa maradhi hayo hayo. Jina sikulitaja, lakini nani asiyemjua? Nilieleza starehe zake, marafiki zake, alivyokonda. Watu walilia. Nilikuwa sijui kuwa mama yake yuko nyuma ya pazia.

Nilipokwenda kumtaka radhi hakunifokea. Aliniambia: "Ustadh, mwanangu miezi yake ya mwisho hakukosa sala. Amekufa kichwa chake kiko mapajani mwangu, anatamka shahada. Hayo hukuyasema." Sikuyasema kwa sababu sikuyajua, na sikuyajua kwa sababu sikuuliza. Niliuliza ya nini, na funzo langu lilikwishakamilika?

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu, sisi wahubiri na walimu. Tukishapata funzo tunatafuta mtu wa kulivisha; likimbana, tunamkata mtu badala ya kulipunguza funzo. Filamu ilifanya hivyo kwa mamilioni ya dola. Mimi nilifanya kwa kipaza sauti cha msikiti.

Wanavyuoni wetu hawakuwa hivyo. Wataalamu wa hadithi waliwajadili wapokezi, wakasema fulani dhaifu, fulani muongo. Lakini waliruhusu hayo kwa haja ya kuilinda dini, na kwa kiasi cha haja hiyo tu. Na katika Sura Yusuf, mke wa mheshimiwa wa Misri ametajwa kwa kosa lake, jina lake halikutajwa, na kukiri kwake haki mwishoni hakukufichwa. Kosa limesemwa, na kurejea kumesemwa.

Basi ndugu yangu, ukiangalia filamu ya maisha ya mtu, au ukisikia mawaidha yanayomtaja marehemu, jiulize: nani anasimulia, anapata nini, na ni nani asiyeweza kujibu? Kitendo tukihukumu kwa sheria. Mwisho wa mtu tumwachie aliyemuumba.

Wiki ile nilirudi darasani nikawaambia wanafunzi kuwa niliwadanganya, nikaandika ubaoni miaka yote miwili, 1985 na 1987. Yule kijana akaniuliza tena: "Sasa funzo lake ni nini, Ustadh?" Nikamwambia: funzo ni langu mimi.

Wabillahi tawfiq.