Bei ya Kitabu na Bei ya Kweli

Mama mmoja anauza unga sokoni. Kopo lake la kupimia linafanana na makopo mengine, lakini kitako chake kimesukumwa ndani. Ukimwuliza, atakujibu bila haya: «Hapa kila mwuzaji ana kopo la namna hii. Sote twajua.» Ni kweli, wauzaji wote wanajua. Lakini mtoto aliyetumwa na mamaye, mwenye franka chache zilizohesabiwa mkononi, yeye anajua? Basi tufikiri juu ya neno hili: uongo unaojulikana na wakubwa wote wa soko, je, ungali uongo?

Neno hili si la unga tu. Tutazame biashara ya dawa katika nchi ya Marekani. Huko, mara nyingi munganga au duka la dawa hununua dawa kwanza. Kisha serikali au kampuni ya bima huwarudishia fedha, na mgonjwa hutoa sehemu yake. Lakini mwenye kurudisha fedha hakuwapo siku dawa iliponunuliwa. Atajuaje bei? Kwa sababu hiyo ilitakiwa bei moja ya kupimia, kama kopo la watu wote. Ikaitwa «bei ya wastani ya jumla», ikachapwa katika vitabu vya bei za dawa.

Jina lilikuwa zuri, lakini bei hiyo haikuwa ya wastani hata kidogo, maana haikutoka katika hesabu ya mauzo. Kwa dawa nyingi, kampuni yenye kutengeneza dawa ilitaja bei yake, kisha ikaongezwa juu yake 20 au 25 kwa mia. Mapunguzo waliyopewa wanunuzi hayakuandikwa kitabuni. Hata wenye biashara wenyewe walifanya mzaha, wakisema kwamba herufi za jina lake kwa Kiingereza maana yake ni «siyo iliyolipwa».

Sasa tuone mzigo ulimwangukia nani. Marekani kuna bima ya serikali kwa ajili ya wazee, iitwayo Medicare, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1965. Tangu mwaka 1998, kwa dawa zinazotolewa na munganga mwenyewe, kama sindano nyingi za kansa, bima hiyo ilikubali 95 kwa mia ya bei ya kitabu. Katika fedha hizo serikali ilitoa sehemu 4, na mgonjwa sehemu 1. Mwaka 2001 wakaguzi wa hesabu wa Bunge walichunguza. Wakakuta kwamba kwa dawa nyingi wanganga walinunua kwa bei iliyo chini ya kitabu kwa 13 mpaka 34 kwa mia. Na dawa moja ya kusaidia wagonjwa wa kansa, iitwayo leucovorin, ilipunguzwa 86 kwa mia.

Tufanye hesabu. Kitabu kinasema dola 100. Munganga ananunua kwa dola 14. Malipo yaliyokubaliwa ni dola 95, na sehemu ya mgonjwa ni dola 19. Tazameni! Mzee mgonjwa, asipokuwa na bima nyingine ya kumsaidia, anadhani anatoa sehemu moja ya tano ya bei ya dawa. Kumbe ameilipa dawa yote, na zaidi.

Tena mashindano ya biashara yakapinduka. Kwa desturi mwuzaji huvuta wanunuzi kwa kushusha bei. Hapa kampuni iliweza kuwavuta wanganga kwa kuacha bei ya kitabu juu sana, ili faida ya katikati iwe kubwa. Mwaka 2001 kampuni iitwayo TAP, yenye dawa ya Lupron ya kansa ya tezi ya kiume, ilikiri kosa katika shauri la dawa za mfano: wanganga walipewa bure, kisha zikadaiwa malipo kama zilizonunuliwa. Ikakubali kulipa dola milioni 875 kumaliza mashitaka, na kati ya mashitaka hayo lilikuwamo lile la kuwavuta wanganga kwa faida ya katikati. Hatari yake twaiona wazi: mgonjwa anataka munganga achague dawa kwa kuangalia ugonjwa, si kwa kuangalia kitabu cha bei.

Labda mmoja atasema: «Kila mtu katika biashara hiyo alijua. Nani alidanganywa?» Twajibu: walijua waliokaa mezani. Mgonjwa hakukaa mezani. Uongo hauwi kweli kwa sababu wengi wamepatana juu yake; umekuwa siri ya wengi, basi.

Mwingine atasema: «Wanganga walikuwa na haja. Bima iliwalipa kidogo mno kwa kazi ya kutoa dawa, kwa wauguzi na vyombo. Faida ya dawa iliziba pengo.» Neno hili lina haki ndani yake, wala tusilidharau. Lakini haja ya kweli isemwe kwa jina lake. Anayestahili mshahara apewe mshahara, asiambiwe ajilipe kwa kopo lililobonyea.

Ndivyo sheria ya mwaka 2003 ilivyojaribu kufanya. Tangu 2005, dawa nyingi za namna hiyo zililipwa kwa kufuata bei ya wastani ya mauzo yenyewe, pamoja na nyongeza ya 6 kwa mia. Na malipo ya kazi ya wanganga yakaongezwa wazi. Hata hivyo dawa ya ghali ingali inaleta nyongeza kubwa kuliko ya rahisi. Na ile bei ya kitabu haijafa. Mchapaji mmoja mkubwa, First DataBank, aliacha kuitoa mwaka 2011, lakini ingali imeandikwa katika mapatano mengi ya bima za watu binafsi.

Kwetu pia kuna vyama vya kusaidiana kwa matibabu, na karatasi za bei ukutani mwa zahanati. Karatasi si mbaya. Bila kipimo hakuna haki. Lakini tuulize bila ukali: bei hii imetoka wapi, na nani aliipima? Mtu mwema hachukizwi na swali hilo. Na mwenye kupima, anaposhika kopo lake, amkumbuke yule mtoto mwenye franka zilizohesabiwa, ambaye nyumbani wanamngoja.